Baiskeli Isiyokwenda Popote

Njia panda ya kwenda Lufingo, mkabala na banda la kupimia majani ya chai, kuna benchi la mbao za mti wa mlingoti lenye mguu mmoja mfupi uliotiwa jiwe. Asubuhi, kabla majani hayajashuka kutoka mashambani, banda huwa tupu na benchi hujaa. Hapo dada Tumpe anauza kahawa kutoka kwenye birika jeusi, na hapo mambo yote ya dunia huamuliwa: vita vya Ulaya, posa za watu, na siku ambayo mvua itaacha kunyesha. Vita na posa huwa havisikii, na mvua ndiyo kabisa.

Siku hiyo Boazi, karani wa mizani ya chai, alifika akiwa ameshika simu kama mtu aliyebeba yai. Kila mtu alimwita Karani, hata mchungaji. Alikaa taratibu, goti la kulia akilinyoosha mbele kama mzigo wa mtu mwingine, akaomba kahawa, akasema ana jambo.

Jambo lenyewe walilijua nusu. Sukari yake ilikuwa imepanda, na daktari wa kliniki alikuwa amemwambia mambo mawili yasiyopatana: asipande vilima kwa sababu ya goti, na asikae tu kwa sababu ya sukari. Karani alikuwa amejaribu kutembea njia tambarare, ile ya barabarani. Siku ya kwanza alisalimiana na nyumba kumi na nne. Kwao huwezi kumpita mtu uani kwake ukasema unatembea tu. Atadhani una msiba, atakuvuta ndani, atakupa kiti. Siku ya tatu mama mmoja alimpa mkungu wa ndizi, na mtu hakatai ndizi. Alitoka kupunguza mwili, akarudi na mkungu begani, akaula.

Ndipo Lilian, binti yake aliyeko Mbeya, alipoamua kumnunulia baiskeli ya mazoezi, ile ya kusimama ndani ya nyumba. Alikuwa dukani asubuhi hiyo. Zilibaki mbili, bei zinakaribiana, na gari la mizigo la kuja Tukuyu lilikuwa linapakia saa sita. Alituma picha mbili na maneno machache: Baba, chagua.

Karani hakusema kilichokuwa chini ya hayo yote, wala haikuhitajika. Kaka yake Amoni alikatwa mguu kwa sukari hiyo hiyo mwaka juzi, na wenzake watatu pale benchini, Tumpe na wanaume wawili, walikwenda kumwona.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nyeusi, ina gurudumu zito mbele na kiti chembamba juu kabisa. Ya pili ilikuwa fupi, ina kiti kipana cheusi chenye mgongo wa kuegemea, na pedali zake ziko mbele, mtu anakanyaga kama anayesukuma mlango kwa miguu.

Wa kwanza kusema alikuwa Nsajigwa. Aliitwa Daktari kwa sababu aliwahi kulinda geti la hospitali miaka sita, na kwa maelezo yake, geti huona wagonjwa wengi kuliko wodi.

— Chukua ndefu, Karani. Baiskeli ni urefu. Hii nyingine ni kiti cha kinyozi.

— Lakini ile ndefu kiti chake kama kiganja, alisema Tumpe. Karani ataweka wapi kilichobaki?

— Kiti chembamba nakijua, alisema Boazi. Ujana wangu nimevikalia sana.

Alivijua kwa macho. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na wote wakalipokea kwa heshima.

Mwalimu Rodrick alikuwa bado anaivuta picha kwa vidole viwili. Alikuwa mtu wa Rombo, amepangiwa sekondari ya hapo kufundisha fizikia, na wanafunzi wake ndio waliompa jina la Fomula. Yeye hakutaka haraka. Alitaka kwanza wajue ni ya sumaku au ya mkanda wa kusugua. Ya sumaku haipigi kelele, akaeleza, unaongeza ugumu kwa kuzungusha kitufe, na haiishi upesi. Ya kusugua inalia kama cherehani na inakula kitambaa chake. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mtu alikuwa amesema kitu cha maana, na Boazi akakishika. Ila Mwalimu hakuishia hapo.

— Sasa kuna suala la nishati, alisema. Nishati haipotei. Baiskeli ya barabarani, nguvu yako inakusogeza. Hii haisogei. Je, nguvu inakwenda wapi?

— Wapi? aliuliza Daktari.

— Chini. Inaingia sakafuni. Na nyumba ya Karani ipo kwenye mteremko.

Wakaitazama nyumba ya Karani kwa mawazo, pale ilipo ukingoni mwa migomba, bati lake likielekea bondeni. Mwalimu akapiga hesabu kidoleni. Nusu saa kwa siku, mwaka mzima, mtu mwenye mwili ule. Hakusema nyumba itateleza. Alisema tu kwamba yeye, kama angekuwa jirani wa chini, angehama.

Tumpe hakukubali nguvu iende sakafuni bure wakati yeye ana mahindi. Akasema ifungwe mkanda, upitishwe dirishani, uzungushe mashine ya kusaga. Karani akanyage, watu wapange foleni na madebe yao, sukari ishuke na unga upatikane. Daktari akaona hiyo ni tamaa. Bora umeme, kila mtu alete simu yake achaji. Mwalimu akasema kwa umeme lazima Karani akanyage saa kumi na nane mfululizo ili simu moja ijae, na hata hivyo iwe simu ya kitochi. Tumpe akasema basi wapokezane kijiji kizima, zamu kama za ulinzi.

Boazi aliinua saa. Saa nne na nusu.

— Jamani, mimi nataka kuchagua.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Daktari. Ndiyo maana hata baiskeli yenyewe wameikataza kusogea. Swali si ipi, Karani. Swali ni utaielekeza wapi.

— Nielekeze wapi tena?

— Tazama. Ukiielekeza Kyela, mwili unajua ni mteremko. Utakanyaga mwaka, jasho hulioni. Lazima uielekeze Mlima Rungwe. Mwili unaona mlima dirishani, unasema, hee, leo tunapanda. Sukari inaanza kuungua yenyewe.

— Na ukungu ukifunika mlima? aliuliza Tumpe.

— Siku hiyo unapumzika.

— Ukungu wa hapa unafunika miezi tisa.

— Basi ndiyo dozi yenyewe. Hakuna daktari anayekupa dawa kila siku.

Mwalimu alikuwa amerudi kwenye picha, na safari hii aliona maandishi madogo chini ya ile ndefu. Akayasoma polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani: uzito wa juu wa mtumiaji, kilo mia na kumi. Ile fupi iliandikwa mia na arobaini.

Benchi lote likageuka kumtazama Karani, kisha likageuka kulitazama banda.

Boazi alisema mizani ile ni ya majani. Alisema pia kwamba kliniki walishampima, na kwamba kadi ameisahau nyumbani, jambo ambalo lilikuwa kweli, kwa kuwa aliisahau kila siku kwa makusudi. Lakini Daktari alikuwa ameshasimama. Mizani ya chai ni ya kuning'inia, ina saa kubwa ya duara na ndoano chini yake ambapo wakulima hutundika viroba. Wakamleta Karani chini ya ndoano aliyoitazama miaka ishirini na miwili akiwa upande wa pili, na daftari mkononi. Akaishika kwa mikono miwili. Akakunja miguu, goti likalalamika, naye akaning'inia.

Mshale ulitetemeka, ukapita mia, ukatulia. Tumpe ndiye aliyesoma.

— Mia na kumi na mbili.

— Toa mbili za maji, alisema Boazi akiwa angali hewani.

Lilimtoka lenyewe. Ndilo neno lake la kila siku: kiroba kikitundikwa, karani anatoa kilo mbili kwa ajili ya umande na mvua iliyo kwenye majani, awe ameyakung'uta mkulima au hajayakung'uta. Na Tumpe, kabla ya birika, ni mkulima.

— Maji gani, Karani?

— Sweta limelowa. Kumenyesha manyunyu, dada Tumpe, si unaona mwenyewe.

— Naona. Hata mimi juzi majani yangu yalilowa kidogo tu, nikakubembeleza utoe moja. Ulinijibu nini?

Mikono ya Boazi ilikuwa inachoka.

— Ulisema mizani haina huruma, dada Tumpe, mizani ina namba. Basi shuka na namba yako.

Akashuka nayo. Waliporudi benchini Mwalimu alijaribu kumtetea. Hata basi la watu thelathini, akasema, linabeba hamsini na linafika Mbeya. Kiwanda huwa kinaacha akiba. Daktari akaunga mkono: kilo mbili ni nini, bandu bandu huisha gogo, Karani akanyage wiki mbili tu atakuwa amelingana na maandishi. Tumpe akauliza kwa hizo wiki mbili gogo litakuwa limekalia nini. Na akisimama juu ya hicho kiti kirefu kikakatika, sisi tufanyeje?

— Aliye juu mngoje chini, alisema Daktari. Tutakuwa chini na bandeji.

Watu walicheka, na Boazi alicheka nao, lakini kidole chake kilikuwa bado juu ya picha ya ile ndefu. Tumpe akaliona hilo. Akamjazia kikombe bila kuombwa, akamuuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza bei.

— Kwani hii yenye kiti ina ubaya gani, kaka?

Boazi aliizungusha kahawa kikombeni.

— Imefanana na cha Amoni.

Kiti cha magurudumu cha Amoni walikijua. Kina mgongo vilevile, cheusi vilevile. Mtu anakiingia kwa kushika pembeni na kujishusha, na Boazi kila Jumapili baada ya ibada ndiye humshika kaka yake makwapani. Kununua kiti kama kile akiwa na miguu yote miwili aliona ni kama kuutangulia ugonjwa na kuukaribisha, kuuambia mimi hapa, nimeshakaa. Afadhali kile kirefu; alikuwa ameshamdokeza Lilian hivyo kwa simu. Juu ya kile kirefu mtu anaonekana anakwenda mahali.

Daktari alisema hilo ni la msingi kabisa, kwani ugonjwa una macho. Hospitali alikolinda, wagonjwa waliokaa walichelewa kutoka kuliko waliosimama. Mwalimu akasema tena kuna mzunguko wa damu: ukiwa wima sukari inashuka miguuni inaungua, ukiegemea inabaki tumboni imelala. Daktari akaongeza kwamba ukikanyaga kinyumenyume inapanda tena. Wakakubaliana. Wakaanza kumwelekeza jinsi ya kuikalia ile ndefu: kifua mbele, viwiko nje, macho mlimani. Daktari akalipanda benchi kama farasi kuonyesha. Mwalimu akamrekebisha mgongo. Saa ilikuwa tano na dakika hamsini.

Ndipo gari la kutoka Kyela liliposimama njia panda na kumshusha mama mmoja mwenye kiroba cha mchele. Alikuwa Bupe, anayeuza mchele sokoni Tukuyu. Hapo alikuwa anamngoja dereva wa bodaboda aliyemzoea. Aliwasalimia mmoja mmoja, wakamjibu mmoja mmoja kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga, Tumpe akampa kahawa iliyobaki, nusu kikombe, na birika likaisha. Alimtazama Daktari aliyekaa juu ya benchi miguu huku na huku. Akauliza kuna nini. Wakamweleza wote kwa pamoja: sumaku, mkanda, mlima, kilo mbili, damu iliyolala.

Bupe alisikiliza hadi mwisho. Kwao Kyela ardhi ni tambarare, na mtoto hujua baiskeli kabla ya kujua kusoma. Mchele, wagonjwa na maharusi vyote husafiri juu ya baiskeli.

— Ndaga fijo, asanteni sana, nimeelewa, alisema. Ila kati yenu, nani amewahi kuendesha baiskeli?

Daktari alishuka kwenye benchi. Mwalimu akasema Rombo ni milima mitupu, huko baiskeli hukokotwa tu kama mbuzi. Tumpe alianza kukusanya vikombe. Kisha wote, taratibu, wakamgeukia Karani, maana yeye ujana wake alivikalia sana viti vyembamba.

Boazi alifungua mdomo. Alitazama barabara inayopanda Lufingo, ambayo amepanda kwa miguu maisha yake yote, na inayoshuka, ambayo ameshuka vilevile.

— Mimi hapana, alisema.

Simu ikaita mkononi mwake. Akaipokea, na kwa sababu anasikia vibaya aliweka sauti ya juu, kwa hiyo wote walimsikia Lilian akisema gari linafunga mizigo, wenye duka wananuna, baba amechagua ipi.

— Lete yenye kiti.

— Si uliniambia hiyo huitaki hata kuiona?

— Lete hiyo hiyo, mwanangu. Ile ndefu nitaanguka.

Nyuma ya Lilian wapakiaji walikuwa wanagombana juu ya kamba.

— Baba, lakini ile haiendi popote.

— Najua, alisema Boazi. Nitaanguka hapo hapo.