Kwanza Moto, Halafu Maziwa

Mwenyekiti, wapishi, madereva, mafundi, na nyinyi kina mama wa mashuka mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema, nawasalimu wote. Nimeambiwa nisimame niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka, na nisitaje jina la mtu. Sitataja. Hata langu si lazima, maana nusu yenu mnaniita Mama Giza na mimi naitika. Leo nitawaambia jina hilo lilitoka wapi, na kwa nini nimeliandika kwa rangi nyeupe kwenye sanduku langu la vifaa.

Mimi ni wa hapa hapa Karatu, mtaa wa Ganako. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, wala akili haikunipungukia. Nilichoka kukaa. Mama yangu alikuwa akisema miguu yangu ilizaliwa kwanza, kichwa kikafuata kesho yake. Nikapalilia vitunguu Mang'ola, nikaosha magari ya watalii hapa mjini, nikafua mashuka Ololosokwan, nikachoma chapati kwenye kambi za Engaresero. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa jambo moja, kisha nikaondoka. Nilitaka kujua redio inasema kwa kitu gani. Nilizifungua nyingi, na ndugu zangu, nawaambia kweli, si zote zilizokubali kufungwa tena.

Umeme wa jua nilifundishwa na mzee mmoja mwenye karakana hapa Karatu. Yeye alikuwa mtu wa betri za maji. Alinionyesha kupima, kuongeza maji, na kuziweka nje penye upepo kwa sababu zinatoa gesi. Halafu Engaresero ikaniongezea somo lake. Kule joto la chini ya ule mlima wa volkano linapika betri kama kiazi, kwa hiyo nikajifunza kuitafutia kivuli. Nje, kwenye upepo, kwenye kivuli. Maneno hayo niliyashika kama amri. Yawekeni akilini, maana ndiyo yaliyoniangusha.

Nikaajiriwa kwenye lori la jiko. Wengi mnalijua: kambi inahama na lori linahama nayo, likiwa na friji, pampu ya maji, taa na sehemu ya kuchajia kamera za wageni. Kazi yote hiyo ilikuwa ya jenereta. Nikamwandama bosi wetu, dereva mstaafu, mtu wa maneno machache, tufunge sola kwenye lori, mpaka akachoka na mimi. Nikamwambia wageni wanavuka bahari kuja kusikiliza fisi, sisi tunawasikilizisha jenereta. Akasema, "Haya. Lakini likizimika, ni wewe."

Nikachagua betri mwenyewe, tena kwa fahari. Duka la kwanza Arusha walinipa moja ambayo maandishi yake yalikuwa makubwa na mkononi ilikuwa nyepesi kama boksi la biskuti. Nikairudisha. Nilitaka lithiamu ya aina ile ya chuma na fosfeti, ambayo haishiki moto upesi kama za simu, na inakubali kutumika karibu yote bila kuzeeka. Betri ya maji ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua taratibu. Nilitaka pia iliyo na kinga nzuri ndani, kile kibao kidogo tunachokiita ubongo, ambacho hukata umeme mambo yakienda vibaya. Nikaifunga kwa waya mnene na mfupi, fyuzi ikakaa jirani kabisa na betri. Kidhibiti cha sola nikakitoa kwenye mpangilio wa betri za maji. Na kati ya altaneta, ile dinamo ya injini, na betri nikaweka chaja yake, kwa sababu lithiamu ina kiu. Ikiachiwa inywe moja kwa moja, altaneta inaungua.

Kisha nikatengeneza sanduku la chuma, nikalifunga chini ya bodi la lori, nyuma ya tairi. Nje. Kwenye upepo. Kwenye kivuli.

Tukazunguka nayo Eyasi na Engaresero, na haikukohoa hata mara moja. Mpishi wetu mkuu, mtu mzima asiyesifu kitu, alianza kunibakizia ukoko. Kwa mara ya kwanza maishani miguu yangu haikuniwasha. Nilijua mlio wa kila feni ya lile lori, na nikajikuta nasema "lori letu".

Mwezi wa saba tukapanda nyanda za juu, nyuma ya kreta, njia ya kwenda Empakaai. Nyinyi mliolala huko mnajua. Asubuhi majani ni meupe kama yamemwagiwa chumvi, na ukungu unaweza kukaa mpaka saa sita mchana. Siku ya kwanza betri haikujaa, nikasema ni ukungu. Siku iliyofuata ukungu ulipofunguka kidogo, sola ikawa na umeme, lakini betri haipokei. Mita inasoma sifuri. Ni kama kumwekea mtu chakula mbele naye anafunga mdomo. Jioni yake kila kitu kikazimika, na wageni wakanywa supu kwa tochi za kichwani. Nikapima kwenye vichwa vya betri, hakuna kitu. Nikajua imekufa.

Dereva wa gari la wageni ndiye aliyenibatiza. "Poleni kwa kusubiri," akawaambia wenzake, "Mama Giza bado anatuandalia." Wakacheka mpaka na mimi nikacheka kidogo, ili nisilie.

Bosi nikamfikia kwa simu ya upepo. Hakufoka. Alisema, "Kesho nakuja na jenereta. Utashuka na gari nitakalokuja nalo. Na maiti yako uibebe."

"Sawa, bosi."

Ndugu zangu, mimi nimeondoka sehemu nyingi, lakini siku zote niliondoka mwenyewe. Nilikuwa naamka, nakunja shuka, naaga au siagi. Hii ingekuwa mara yangu ya kwanza kuondolewa, na ilinikuta mahali pa kwanza nilipotaka kubaki. Sikuwahi kumwambia mtu hivyo mpaka leo.

Asubuhi mpishi akanipa kidumu. "Kwa kuwa umeme umetushinda, dada fundi, kafuate maziwa bomani."

Nikaenda. Mama wa boma lile tulikuwa tunanunua maziwa kwake. Ni mama wa makamo, mkali wa ulimi, Kiswahili chake kifupi na hakipotezi neno. Nilimkuta ndani, amepiga magoti karibu na moto. Mapajani mwake kulikuwa na mwanambuzi aliyezaliwa usiku kwenye baridi, amelegea, macho yamefumba, shingo inaanguka huku na huku. Pembeni kulikuwa na kikombe cha maziwa ya mama yake, yale ya kwanza, mazito ya manjano.

Nikasema, "Mama, huyu amekufa."

"Hajafa. Amelala kwa baridi."

Nikaona maziwa yamekaa tu, na mimi sijui kutazama bila kugusa. Nikachukua kikombe nimsaidie kumnywesha. Akanipiga kofi mkononi, si la mchezo.

"Unataka kumuua? Tumbo lake baridi. Ukitia maziwa sasa yanakaa kama jiwe, anakufa nayo. Kwanza moto, halafu maziwa."

"Utajuaje kama amepata moto?"

"Tia kidole mdomoni."

Nikatia. Mdomo ulikuwa baridi kama ndani ya kibuyu. Akamgeuza, akamsugua mbavu kwa shuka kuukuu, akamsogeza motoni, akamwondoa, akamsogeza tena. "Si karibu sana," akasema, "mimi sichomi nyama." Tukakaa. Akaniuliza mume wangu yuko wapi, nikasema sina. Akaniuliza ng'ombe wangu wako wapi, nikasema sina. "Basi una nini?" Nikamwambia nina betri, nayo imekufa. Akanitazama kama mtu aliyetangaziwa msiba wa sufuria.

Baadaye akasema, "Tia kidole tena." Nikatia, na mdomo ulikuwa na joto. Yule mwanambuzi akakinyonya kidole changu kwa nguvu mpaka nikashtuka. Ndipo mama akachukua kikombe.

Hapo ndipo, ndugu zangu. Nilikuwa bado nimechuchumaa, kidole kina mate ya mbuzi, nikamwona yule mwanambuzi akinywa maziwa yale yale ambayo muda mfupi tu kabla yangemuua. Nikakumbuka kwamba sikuwahi kuigusa betri yangu kwa mkono. Nilikuwa nimeigusa kwa mita tu.

Nilirudi mbio. Kidumu nilikisahau, mpishi hajanisamehe hadi leo. Nikalala chini ya lori, nikafungua sanduku, nikaweka kiganja. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mimi niliyeikinga na jua la Engaresero nilikuwa nimeilaza nje, kwenye chuma, kwenye upepo, kwenye barafu. Na lithiamu, kama hamjui, ikiganda haitakiwi kuchajiwa. Inaweza kutoa umeme kidogo, lakini ukiilazimisha kula inaharibika ndani na haiponi tena. Ule ubongo wake ulikuwa unajua. Ulifunga mdomo kila asubuhi, sisi tukaendelea kuitumia kila jioni, mpaka ikabaki tupu na ikajizima ijilinde. Ilikuwa imelala kwa baridi.

Nikaichomoa, nikaibeba mpaka hema la jiko. Nikaiweka juu ya ubao, mbali na moto, maana na mimi sichomi nyama. Betri haikai motoni, tafadhali msiende kunisingizia. Nikaizungushia zile chupa za mpira za maji ya moto tunazowawekea wageni kitandani, nikaifunika blanketi.

Mpishi akasimama na mwiko wake. "Sasa huyu naye ni mgeni? Atataka mayai ya kukaanga au ya kuchemsha?"

"Mwache apumzike, baba. Ametoka mbali."

Nikawa nabadilisha maji na kuweka kiganja, nabadilisha maji na kuweka kiganja. Ilipokuwa na uvuguvugu kotekote nikamwendea yule dereva. Betri ikijizima hivyo, kidhibiti cha sola hakiioni, kwa hiyo lazima iamshwe na betri nyingine. Nikamwomba asogeze gari.

"Mama Giza, gari langu si mganga."

"Sitaki dawa, kaka. Nataka waya zako na muda wa kuvuta pumzi mbili."

Akasogeza, huku anacheka. Tukaunga waya, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, injini imezimwa. Mita ikaruka kutoka sifuri. Nikaondoa waya, namba ikabaki pale pale. Tukaifunga kwenye sola. Ukungu ulikuwa umefunguka, na betri ikaanza kunywa. Friji ikanguruma, mpishi akashusha mwiko, na yule dereva akaenda kukunja waya zake polepole sana.

Bosi alifika alasiri, jenereta imefungwa kamba nyuma ya gari. Akaona taa za jiko zinawaka. Akauliza nani amewasha.

"Mama Giza," mpishi akajibu, kana kwamba swali lenyewe ni la kijinga. Kwa jibu hilo jina likawa langu, ndiyo maana nimeliandika kwa rangi nyeupe.

Bosi akaja akafunua blanketi, akaitazama betri na chupa zake kama mzazi asiyeamini mtoto ni wa nani. Akasema, "Leo sawa. Na kesho asubuhi?"

Lilikuwa swali la haki. Nikamwambia, "Kesho asubuhi itakuwa imelala ndani."

Akasema basi atalala aone. Nikaihamishia ndani ya lori, nyuma ya kiti cha dereva, kwenye kreti la mbao lililotandikwa blanketi, waya zake nikazipitisha kwenye tundu la sakafu na fyuzi yake ikahama nayo. Asubuhi majani yalikuwa meupe kuliko siku zote. Bosi akatoka na koti lake, akaja moja kwa moja kwenye mita. Jua lilipopenya, namba ikapanda. Akangoja, ikapanda tena. Akamaliza chai yake, akamwambia dereva aliyekuja naye, "Hiyo jenereta msiishushe. Inarudi."

Akashuka nayo Karatu. Kushuka kwangu hakukutaja. Alipofika kwenye gari akageuka akasema, "Kwenye yale magari yetu mengine mawili, yenye hema juu, utafunga sola lini?" Hivyo tu. Nimewahi kupewa vyeti viwili vya semina, ndugu zangu, lakini hakuna nilichokishika kama swali hilo.

Magari yale nimeyafunga. Kambi za ukingoni mwa kreta zimeniita, na kila ninapofika sipimi kwa mita kwanza, napima kwa kiganja. Nauliza inalala wapi usiku. Kama ni kambi ya kwenye joto, kule Natron, naitafutia hewa, kama ni ya juu naitafutia blanketi. Na ninyi mnaonunua, muulizeni muuzaji kama ubongo wa betri yake unajua kukataa kwenye baridi. Usiojua utakubali chaji kimya kimya na kuiua betri, nanyi hamtajua mpaka msimu upite. Yangu iligoma kwa sababu ni nzima. Na mwaka huu, msicheke, ni mara yangu ya kwanza kupanda maharage Ganako na kuwepo siku ya kuvuna.

Namshukuru mzee wa karakana aliyenipa ufundi. Namshukuru mpishi kwa ukoko, dereva kwa waya, hata kwa jina. Namshukuru bosi aliyekubali kulala aone. Na kikundi hiki, mliponiona nimerudi kimya msimu ule, jina la Mama Giza limenitangulia mjini, hamkuniuliza maswali. Mlinipa kiti na chai. Maswali yalikuja wiki nyingine, wakati huo nilikuwa naweza kuyameza.

Hilo ndilo ninalowaachia. Kuna wenzetu hawaji siku hizi. Mnajua ni akina nani. Mkienda kwao, mawaidha yaacheni nyumbani kwanza. Kaeni nao, chemsheni chai. Neno jema kwenye tumbo baridi linakaa kama jiwe.

Yule mama wa boma naye namshukuru, ingawa yeye anasema hajanifanyia kitu. Mwanambuzi wake sasa ni beberu mwenye pembe mbaya, kila nikipita ananitafuta magoti. Mwezi uliopita mama akaniita nimwekee taa. Nimeiweka, na betri ndogo ya lithiamu. Nilipomuuliza tuiweke wapi, hakufikiri hata kidogo. Alinionyesha kizizi kidogo ndani ya nyumba, wanakolazwa wachanga wasipate baridi, na ndiko inakolala, pamoja na ndama.