Mzee Mwavuli Aziaga Stevia Zake

Baada ya miaka thelathini na miwili katika kituo chetu cha utafiti wa mimea ya utamu, msimamizi wa vitalu, anayejulikana kwa wote kama Mzee Mwavuli, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Stevia zimeshaambiwa. Alitaka kuziambia mwenyewe.

Alianza kama kibarua wa kumwagilia maji, akapanda hadi usimamizi, na njiani akawa mwonjaji mkuu. Majani ya stevia ni matamu kupita sukari, naye kwa miaka kadhaa aliyatupia kwenye birika la ofisi kimyakimya. Mhasibu akapunguza sukari mpaka akaacha kabisa, akijisifu kwamba ameishinda nafsi. Hatukuwa na moyo wa kumwambia. Pole, Mhasibu.

Jina la Mwavuli lilitokana na jaribio la vivuli. Tulipanda stevia kwenye matuta matatu mafupi: moja juani, moja chini ya wavu mwepesi, moja chini ya wavu mzito, tujue kivuli kinaathiri vipi ukuaji na utamu wa majani. Ajabu, tuta la juani likarefuka kama linamchungulia jirani, mashina membamba, majani yenye ladha ya karatasi iliyolowa. Msimu wa pili, yale yale. Mkurugenzi akatangaza kwamba jaribio likiharibika tena, kitengo kitafungwa na sote tutahamia kwenye mihogo.

Mtafiti wetu, dada asiye na subira, akajificha nyuma ya tangi la maji ajue tuta lile lina nini. Jua lilipopanda, akamwona msimamizi anakuja na mwavuli wa sokoni, ule wa kufunika meza nzima ya nyanya. Akaukita katikati ya tuta la juani, akaketi, akaanza kuisimulia mimea habari za wajukuu.

"Mzee, unafanya nini?" dada akafoka.

"Naihurumia, mwanangu. Jua lote hili, na haina miguu ya kukimbilia."

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Msimu uliofuata Mzee alijikaza. Kila alipolipita tuta lile aligeuza uso pembeni, hata akajigonga kwenye toroli. Matokeo yakaja safi: miche michanga ilipenda wavu mwepesi, lakini mimea iliyokomaa juani ilitoa majani mengi na matamu kuliko yote. Wavu mzito ulizaa urefu tu. Kitengo kikapona. Mzee alipoonja jani la juani, machozi yalimlengalenga.

"Kumbe nilikuwa naidekeza," akasema.

Mzee wetu, asante kwa mikono yako, ulimi wako na huruma yako iliyotutoa jasho. Tunakutakia afya, raha na siku ndefu za kupumzika. Ulipokuwa likizo, mkeo alitupigia simu kuuliza huwa unaongea na nani kazini kutwa nzima, maana yeye peke yake hakuwezi. Tumemtumia trei mbili za miche.