Kamba ya Gari la Mashindano

Ndugu zangu, nitaongea nikiwa nimesimama, maana nikikaa nitalia na habari yenyewe mtaikosa. Sitamtaja mtu jina. Kila mmoja anajijua.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mzungu mmoja kule Likuyani, mzungu aliyependa mashindano ya magari kuliko mahindi yake. Uhuru ulipokuja, mzungu akauza shamba akarudi kwao. Mume wangu aliniambia kwamba gari la mashindano amepewa yeye, zawadi. Tukalileta hapa Shieywe juu ya lori. Lilikuwa refu, jembamba, kiti kimoja, halina paa wala mahali pa kuweka gunia. Nikamuuliza, "Baba watoto, hiki ni nini?" Akacheka tu. Hakumaliza mwaka, akafariki.

Wakaja wapenzi wa magari hayo ya zamani, wazungu wawili na Mhindi mmoja, fundi wa Kisumu. Walijuana, walikuwa wameshindana barabarani miaka mingi. Wakasema watalitazama wote watatu siku moja ndipo waseme bei, ili asiwepo wa kumzunguka mwenzake. Nikaupenda utaratibu huo.

Kabla ya siku hiyo akaja shemeji yangu, ndugu ya marehemu. "Shemeji, mtu akiuzanga ng'ombe, kamba haiendi. Inabaki kwa boma, ama bahati yote inafuata huyo ng'ombe."

Nawaambia ukweli, niliona anasema la maana. Lakini kamba ya gari ni ipi? Tulilizunguka asubuhi nzima. Usukani? Sasa litaendeshwaje? Mwisho tukaona kibati cha shaba karibu na injini, kimechongwa namba, hakizunguki, hakishiki chochote.

"Hii haifanyangi kazi," akasema shemeji. "Ndiyo kamba."

Tukakibandua, nikakifungia kabatini.

Wageni walifika wakifurahi kama watoto. Wakafungua boneti, wakanyamaza. Yule mzungu aliyekuwa mzee akagusa matundu yaliyobaki. "Mama, nani ametoa kitu hapa?"

Nikaogopa. Nikajibu, "Hakuna kitu tumeuza," na kweli hatukuuza. Wakaongea Kiingereza chao, wakashukuru kwa chai, wakaenda. Hata bei hawakutaja!

Hapo maneno yakaanza mtaani. Eti gari ni la wizi, eti marehemu alifuta alama zake. Ndugu zangu, nilichanganyikiwa. Jana watu wanalishangilia, leo ni la wizi, na ni lile lile. Kibaya zaidi, nikaanza kumshuku mume wangu mwenyewe. Mimi sikuwepo akipewa, niliambiwa tu. Je, kama ni kweli? Nikaacha kuja kanisani. Napika obusuma, ugali wetu, unapoa, nautazama.

Kisha mama mmoja wa kanisa hili akaja na ingokho, kuku mzima, kwapani. Hakunihubiria. Aliuliza tu, "Hapo palikuwa na nini?" Nikamwonyesha kibati. "Si umpelekee yule fundi akwambie ni cha nini?" Kuuliza! Jambo hilo halikuwa limenijia kabisa.

Kule Kisumu fundi alikipokea kwa mikono miwili. Nikamweleza habari ya kamba. Hakucheka.

"Mama, unakumbuka kipande?"

Nani hakumbuki kitambulisho kile cha mkoloni? Baba yangu alikivaa shingoni, na aliyekutwa bila kipande alilala ndani.

"Hiki ni kipande cha gari. Bila hiki, nitajuaje kama ni lenyewe ama mtu ametengeneza lingine kama hilo?"

Nikakaa chini, sakafuni, kwenye mafuta. Nikamwambia, "Basi linunue wewe."

Akakataa. "Leo ni mimi peke yangu najua. Si haki. Waite wale wawili waone kwanza."

Tukakirudisha mahali pake, shemeji amenuna. Wakaja wote. Nami, nisifiche kitu tena, nikasema mbele yao kwamba injini iliwahi kupasuka, marehemu akaichomelea. Mzungu mzee akapapasa ule mshono. "Hii ni kazi yake," akasema kwa sauti, majirani wamejaa uani. "Nilikuwepo akipewa gari hili." Nililia bila aibu.

Mzungu huyo mzee ndiye aliyelinunua. Fundi wa Kisumu alilikosa, na bado akasaidia kulisukuma, anatabasamu! Watu hao mpaka leo siwaelewi. Wala sielewi gari lisilobeba mahindi linapendewa nini.

Namshukuru mama wa ingokho, namshukuru fundi, na shemeji pia, maana alinitakia mema. Funzo langu ni dogo: mtu akinyamaza mbele ya kitu chako, muulize anatafuta nini. Usiende nyumbani ukajijibu mwenyewe.

Na ninyi mliomwita mume wangu mwizi, mko humu. Leo nilisimama mlangoni makusudi, nikawapa mkono mmoja mmoja. Mlifikiri ni salamu tu. Nilikuwa nawasamehe.