Tjitske Wiarda na Ukurasa wa Mwaloni

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2017, Bi. Tjitske Wiarda atavua koti lake la kazi la kijivu, alitundike mahali pake, na kustaafu. Ameitumikia Maktaba ya Miti ya Haarlem kwa miaka thelathini na sita na miezi minne kasoro siku mbili. Hizo siku mbili amenionya nisizifiche.

Aliingia hapa mwaka 1981 kwa mkataba wa miezi mitatu, kazi yake ikiwa kufuta vumbi. Ni mtoto wa Boskoop, kwenye familia ya wauza miche, na miti aliijua kabla ya kujua kusoma. Mwezi wake wa pili kazini alimgongea mlango mkurugenzi wa wakati huo, akamwonyesha mchoro wenye umri wa miaka mia mbili ulioandikwa chini yake kuwa ni mtofaa. "Huu ni mpeasi," alisema. "Tazama ukingo wa jani." Wataalamu watatu waliitwa wakakodoa macho, wakakubali. Hakushika tena kitambaa cha vumbi.

Tangu hapo amekuwa mtafutaji wetu wa vitabu. Alipoanza tulikuwa na vitabu mia nne vya kale vya miti vyenye michoro iliyopakwa rangi kwa mkono. Leo tuna elfu moja na mia tisa. Vingine alivitoa kwenye minada, vingine kwenye madari na mabanda ya kuku. Mwaka 1987 alikuta juzuu la peasi tulilokosa kwa miaka sitini likiegemeza kitanda cha mjane mmoja wa Zutphen. Mama yule alikataa katakata kuuza. Tjitske akanywa kahawa vikombe sita, akatoka uani, akautaja kwa jina mpeasi mkongwe uliokuwa pale, jina ambalo mjane hakuwa amelisikia tangu mumewe afariki. Kitabu alipewa bure, ila alitakiwa kwanza kutafuta tofali la kukiegemeza kitanda.

Lakini kila anayeniuliza habari zake hutaka kusikia ya Oktoba 1996. Mimi nilikuwapo, kwa hiyo naieleza nilivyoiona.

Jumatatu ya tarehe 21 mgeni aliomba kuona mchoro wa mlozi katika kitabu chetu kikubwa kuliko vyote. Tjitske alikifungua mbele yake. Mlozi haukuwapo. Haukuwa umekatwa kwa wembe wala kuchanwa. Ulikuwa umetoweka tu, kana kwamba haukuwahi kujalidiwa humo. Hadi jioni tulikuwa tumepekua kabati zima la vitabu vya kale na kugundua michoro kumi na mmoja haipo.

Kabati hilo lilikuwa na funguo mbili. Mmoja alikuwa nao Mkurugenzi Hessels, wa pili alikuwa nao Tjitske.

"Bi. Wiarda," Hessels alisema mbele yetu sote, mkono ameunyoosha, "naomba ufunguo."

Alimpa.  Bodi ingekutana Ijumaa, na kila mtu alijua ajenda ni nini. Kwenye chumba cha kahawa watu walianza kunyamaza akiingia.

Jumatano Tjitske alikuja kwenye karakana yangu ya kujalidi na kitabu kimoja kilichoibiwa ukurasa. Tulikiweka chini ya kioo cha kukuzia. Kwenye shina la ukurasa uliopotea, pale unaposhonwa kitabuni, kulikuwa na alama hafifu ya maji, iliyonyooka kama mstari wa rula, na juu yake unyuzi mmoja mweupe wa sufu.

"Uzi," alisema. "Anaulowesha mdomoni, anaulaza kwenye shina la ukurasa, anafunga kitabu, anasubiri. Karatasi ikilainika inatoka yenyewe bila sauti. Wessel, huyu hana haja ya ufunguo. Sisi wenyewe ndio tunamletea vitabu mezani."

Tukapekua vikaratasi ambavyo wasomaji hujaza kuombea vitabu. Jina moja tu lilikuwa kwenye vikaratasi vya vitabu vyote kumi na kimoja: Roelof Ketting, mthibitishaji wa hati aliyestaafu, mtu wa tai, aliyetuletea maua kila Krismasi.

Hessels alitusikiliza akiwa amesimama. "Uzi? Mnataka niwaambie wajumbe habari za uzi? Ketting ni rafiki wa maktaba hii tangu wewe hujafika hapa, Bi. Wiarda. Ukimgusa, sitasubiri Ijumaa."

Alhamisi Ketting alikuja saa nne asubuhi kama kawaida. Aliomba kitabu cha miti ya misitu. Sikuwa na sababu ya kuwa chumba cha kusomea, nikajifanya narekebisha bawaba ya mlango. Tjitske alikuwa kwenye meza ya mbele, akionekana kuandika. Alikuwa haandiki chochote; baadaye nilikiona kikaratasi chake, ni mistari mitupu.

Saa nne na nusu Ketting alikohoa, akapeleka leso mdomoni. Akafunua kitabu, akainama, kisha akakifunga na kuweka mikono yote miwili juu ya jalada. Akatulia hivyo, kama mtu anayesali.

Dakika zilipita. Niliweza kusikia mvua kwenye vioo na msomaji mmoja akipindua kurasa upande wa pili. Nilisubiri Tjitske ainuke, na hakuinuka. Nikadhani ameogopa. Kumbe alikuwa anahesabu dakika. Alipoinuka hatimaye, alivuta kiti akakaa uso kwa uso na Ketting.

"Bwana Ketting, naomba kitabu hicho."

"Bado nakisoma."

"Kimefungwa."

"Napumzisha macho."

"Basi nami nitapumzika hapa." Alishusha sauti, lakini chumba kile kinabeba sauti na nilisikia kila neno. "Ukurasa wa mwaloni una uzi kwa dakika ishirini sasa. Umelainika kama mkate uliolowa kwenye maziwa. Ukikivuta kitabu, unakatika. Nikikivuta mimi, unakatika vilevile. Kwa hiyo tusivute."

Uso wa Ketting ulipauka, halafu akatabasamu. "Nani atakusadiki? Ufunguo ulikuwa nao wewe. Kesho unafukuzwa kazi, mji mzima unajua."

"Huenda."

"Basi niache nitoke. La sivyo, mwaloni wako tutaugawana." Vidole vyake vilibana jalada. Nilisikia gundi ya zamani ikilia.

Nilikuwa hatua sita kutoka kwake. Ningeweza kumrukia, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye bisibisi, Mungu anisamehe. Tjitske aliniinulia kidole bila kugeuka.

"Inua mkono mmoja kwanza," alimwambia Ketting. "Polepole. Sasa wa pili. Koti lako lipo kwenye ndoano. Nenda."

"Dada, unamwachia?" nilipiga kelele. Wasomaji wote waligeuka.

"Wessel, toka mlangoni!"

Nikatoka. Mtu yule alipita mbele yangu akifunga vifungo vya koti, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Nilikimbia kumwita Hessels. Tuliporudi, Tjitske alikuwa ameinamia kitabu na kibano mkononi, anautoa uzi nusu sentimita kwa nusu sentimita. Hessels alimwuliza jambo. Alimwuliza tena. "Subiri," alisema, na mkurugenzi akasubiri. Alipomaliza aliweka karatasi za kufyonza maji pande zote mbili, akaweka uzito juu.

Ijumaa aliingia mbele ya bodi na uzi ndani ya bilauri. Walimwuliza kwa nini alimwachia mwizi aliyekuwa mikononi mwake.

"Polisi wana kazi yao, watamtafuta," alijibu. "Ule ukurasa haukuwa na mwingine wa kuutetea."

Polisi walifika kwa Ketting siku hiyohiyo alasiri. Michoro tisa ilikuwa kwenye fremu, imepangwa ukutani kando ya ngazi. Mahali pawili palibaki misumari tu. Mlozi na mwerezi ilikuwa imeondolewa usiku ule aliopewa kwa kuachiwa, na hadi leo Ketting hajasema aliipeleka wapi.

Tjitske hakutafuta wa kumlaumu. "Hiyo miwili iko juu yangu," alisema. Hessels alimrudishia ufunguo ndani ya bahasha. Tjitske akaurudisha na bahasha yake. Jumatatu mkurugenzi alilazimika kuuleta mwenyewe wakati wa kahawa, wote tukiwapo. "Bi. Wiarda, nilikukosea." "Ndiyo, ulinikosea," alisema, akammiminia kahawa.

Kwa miaka ishirini ametembea na karatasi nyembamba aliyonakilia matundu ya wadudu waliotoboa kurasa zilizopakana na zile mbili zilizopotea. Mwaka 2009, akisubiri kung'olewa jino mjini Bruges, aliona mchoro wa mlozi ukutani kwa daktari. Matundu yalilingana yote manne. Aling'olewa jino, akarudi na mlozi. Mwerezi haujapatikana.

Wiki iliyopita, tukifunga masanduku yake, nilimwuliza kama angemwachia tena yule mtu. Alimaliza kwanza kufunga kamba ya sanduku.

"Sijui, Wessel. Siku ile mwaloni ulikuwa mbele yangu, nikauchagua. Mwerezi sikuuona." Kisha akaniuliza kama gundi nimeifunika.

Sasa anarudi Boskoop, kwenye kitalu cha kaka yake, ambako ameahidi kutompa mtu yeyote amri kwa mwezi mzima. Hatumwamini.

Dada Tjitske, tunakushukuru kwa kila ukurasa tulionao kwa sababu yako. Tunakuombea afya njema, majirani wema, na asubuhi nyingi zisizo na haraka.

Wessel Terpstra, karakana ya kujalidi