Bwana Wekoye, Msomaji wa Kinyesi cha Sungura

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, na labda programu ya sherehe si mahali pake: mimi ndiye niliyeandika "pasafi sana" katika daftari la zamu asubuhi ile sungura wetu, Waziri, alipokuwa karibu kufa. Sasa tuendelee na sherehe.

Bwana Wekoye anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Julai, baada ya kuitumikia shule yetu hapa Kitale kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa kufyeka nyasi. Baadaye akaongezewa mabomba, kengele, vioo vinavyovunjwa na mpira na, miaka minne iliyopita, sungura aliyeachwa na mwalimu aliyehamishwa. Cheo hakikuongezwa, asije akalewa sifa. Sungura tulimwita Waziri kwa sababu hula vizuri, hafanyi kazi na hajibu maswali.

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Bwana Wekoye aliinama chini ya kibanda na kusoma kinyesi. Hakuna aliyeruhusiwa kufagia kabla hajamaliza. Kikiwa kingi na kikubwa, Waziri ni mzima. Kikiwa kidogo kama mtama, aangaliwe. Kisipokuwepo, hakuna kungoja jioni. Sisi wa biolojia tulimcheka sana, maana tulikuwa na vitabu.

Mwezi wa Februari alikwenda kwao Bungoma kwa mazishi. Zamu akaiachia kamati ya wanafunzi watano, kwa kuwa watano huona zaidi ya mmoja. Siku yangu nikakuta chini ya kibanda hapana hata punje. Nikaupenda usafi huo, nikauandika. Sukuma wiki ya jana nayo ilikuwa palepale; nikadhani Waziri amejifunza kiasi.

Kufikia mchana alikuwa amejikunja pembeni akisaga meno. Ndipo shule ikagundua ina madaktari wengi. Mama Phelista wa jikoni akaagiza maji ya magadi, ati yalimponya ng'ombe wa shemeji yake kule Cheptais. Mwalimu Kimaiyo, mkuu wa sayansi, akasema sungura huacha kula kukiwa na baridi. Kipchirchir wa darasa letu akaleta kapsuli iliyobaki alipougua kifua. Mimi nilikuwa na kitabu mkononi, nikitafuta ukurasa wa sungura.

Bwana Wekoye alirudi alasiri hiyo, bado amevaa suti ya mazishi. Aligusa masikio, yalikuwa baridi. Akagusa tumbo, lilikuwa gumu. Akamweleza Kipchirchir kwa upole kwamba dawa ya binadamu ya aina hiyo yaweza kumuua sungura, na Mama Phelista kwamba magadi tumwachie ng'ombe. Akafungua daftari la zamu, akasoma, akalifunga. Hatukuwa tukitia majina, naye hakuuliza. Alimzungushia Waziri koti la suti akampeleka kwa daktari wa mifugo mjini. Siku ya tatu, Waziri alitoa punje saba. Zilitangazwa gwarideni, zikapigiwa makofi mengi kuliko matokeo yetu ya mtihani.

Aliwahi pia kugundua utitiri masikioni kwa sababu Waziri alitikisa kichwa kupita kawaida, na meno yaliyorefuka kwa sababu ya mate kidevuni. Kwa hayo yote shule ilimtunuku cheti cha kuwahi kazini.

Asante, Bwana Wekoye. Nenda Bungoma ukapumzike; mahindi yako yastawi, na wajukuu wakuache ulale hadi saa moja.

Jumanne hii, yeye akiwa tayari likizoni, nilipiga magoti chini ya kibanda. Palikuwa na punje nne, ndogo sana. Nyasi kavu za jana hazikuguswa. Nilijaza chupa maji ya moto, nikaizungushia taulo, nikaiweka kando ya Waziri. Kisha nikaingia chumba cha walimu, ambako sijawahi kuzungumza bila kuulizwa, nikasema sungura ni mgonjwa na hatuwezi kungoja mapumziko ya saa nne. Mwalimu Kimaiyo akachukua ufunguo wa gari, nami nikaenda kumbeba Waziri.