Mwalimu Valentino na Solo ya Leo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha gitaa katika Chuo cha Muziki Mtendeni, Mwalimu Valentino Kasanda anastaafu rasmi leo, Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Tangu asubuhi sisi walimu wenzake tunajiuliza jambo moja tu, na tuliseme wazi: je, atapiga?

Alitujia kwa treni kutoka Tura, gitaa likiwa limeviringishwa kwenye kanga ya mama yake. Kwaya ya Moravian ilimdaka kwanza, sisi tukamnyang'anya. Hatujawahi kuomba radhi.

Ufundishaji wake wa solo za jazi hauna mbwembwe. Kwanza mwanafunzi aivunje kodi, lile fungu la noti zinazolia pamoja, yaani azipige noti zake moja moja, kupanda na kushuka. Hiyo ndiyo arpejio, na kila noti yake ni nyumba ya kufikia. Kisha, kabla ya kuingia nyumba yoyote, apige hodi: aguse noti iliyo nusu toni chini au juu yake, ndipo aingie. Na yote yaimbwe kwa mdomo kabla uzi haujaguswa. Asiyeimba hapigi.

Rashidi Shomari, ambaye sasa ni mwalimu mwenzetu, alizipenda hodi hizo kupita kiasi. Kwenye harusi moja ya Gongoni alizipiga mfululizo bila kuingia popote, mpaka shangazi wa bibi harusi akaagiza mtu akamsaidie kukaza nyuzi. Mwalimu alicheka hadi akatafutiwa kiti. Baadaye alimweleza Rashidi kwamba mgeni mwenye adabu hupiga hodi, huingia, huketi.

Mwaka jana kiharusi kiliulegeza mkono wa kushoto wa Mwalimu. Tulidhani ndiyo basi. Alipopata nafuu alirudi darasani, akaliacha gitaa ukutani, akafundisha kwa kuimba tu. Wanafunzi wake wote walifaulu. Lakini mkewe, Mama Agnetha, anajua, nasi tunajua, jinsi alivyokuwa akikwepa hata kulitazama gitaa lile. Ilituuma sana.

Wiki iliyopita aliomba awekwe kwenye ratiba ya hafla ya leo: solo moja, ya taratibu, kwa vidole viwili. Hakukubali kuijaribu mbele yetu kwanza.

Mwalimu, asante kwa masikio uliyotupa. Tunakuombea afya, na siku tulivu nyumbani pamoja na Mama Agnetha. Chakula kimefunikwa, hakuna mwenye haraka. Ukikosea, endelea; ukinyamaza, tutasubiri.