Kile Huwa Kinalia Tu: Maisha na Kifo cha Fundi Soli

Marehemu, fundi viatu ambaye mtaa mzima ulimwita Soli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, kitindamimba katika watoto watano. Alitoka na kilio ambacho kiliwafanya majogoo wa mtaa wa pili wawike saa tisa mchana. Anayebisha aniulize mimi mama yake, nilikuwepo.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akamaliza mwaka 1994. Hesabu haikumpenda, naye hakuilazimisha. Alijifunza ushonaji kwa mjomba wake, kisha akafungua kibanda chake karibu na kituo cha mabasi. Mshono wake ulikuwa hauachii. Kuna mzee alizikwa na viatu vya Soli, na naapa sanduku litaoza lote, viatu vitoke vyenyewe viende kazini.

Mwaka 2003 alimuoa muuza vitambaa aliyekuwa akimletea kiatu kilekile kila wiki. Siku moja marehemu akamwambia, "Dada, hiki kiatu hakina ugonjwa." Akajibiwa, "Mgonjwa ni mimi, fundi mzito wa kuelewa!" Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka jana alipatwa na ngiri. Akanituliza: "Mama, ni kashimo tu, wanaziba kama kiatu." Tarehe 11 Juni mwaka huu, siku ya Jumanne, aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, akiwatania wauguzi kuhusu viatu vyao. Hakutoka hai.

Hapa hospitali imetuletea maneno yaliyopikwa tayari: eti "moyo wake ulisimama ghafla." Kaka yake mkubwa akanisihi, "Mama, tuyaandike hivyohivyo, tusitafute maneno msibani." Nikamwambia, "Maneno yametutafuta sisi, tena mpaka kitandani." Basi siyaandiki.

Naandika aliyoyasikia jirani yetu dereva, yule pale mwenye magongo. Siku hiyo alikuwa chumba cha pili akiungwa mguu, amechomwa sindano ya mgongo, kiuno kimekufa lakini masikio mazima. Mtaalamu wa dawa ya usingizi alikuwa mmoja kwa vyumba viwili. Alimlaza mwanangu, akamwacha na mashine, akavuka kwa dereva, akakaa kupiga soga. Ng'ambo ya ukuta mashine ikaanza kulia.

Dereva akamwambia, "Bwana, kuna kitu kinalia huko."

"Kile? Kile huwa kinalia tu. Kimezoea."

"Lakini hakinyamazi."

"Wewe shughulika na mguu wako, mzee."

Kumbe mpira wa hewa ulikuwa umechomoka. Na daktari mpasuaji, aliyekuwa palepale ameinamia tumbo? Tulipomuuliza alijibu kwamba mashine si kazi yake. Mtu anakatwa na mmoja, anapumulishwa na mwingine, halafu akifa amekufa peke yake! Hata mbuzi wangu akilia mara mbili huwa natoka kumtazama, na mbuzi huyo ni mwongo.

Mtaalamu huyo amekuja leo, amevaa miwani nyeusi. Karibu, baba. Jua halijawaka, lakini karibu.

Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, kaka watatu, dada mmoja na mimi mama yake, niliyepaswa kutangulia. Binti yake mkubwa ana mimba ya miezi minane, na ameambiwa atajifungua kwa kupasuliwa. Hospitali tuliyonayo ni hiyohiyo, mtaalamu ni huyohuyo, na hadi jana vyumba bado ni viwili.

Kwa hiyo wakubwa wa hospitali mliokaa mstari wa mbele, kabla ya udongo simameni mseme mbele ya watu: mjukuu wangu akilazwa, mtu mmoja atakaa kichwani pake, hatatoka mpaka aamke. Asiyeweza kuahidi hilo asishike koleo.

Mwanangu apumzike. Amani tutaidai sisi tuliobaki.